Kidole Chako ni Jina Lako: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuandikwa kwa Mashine



Mama mmoja mjane, anayeishi kwa familia iliyompokea hapa Mudzipela, alirudi kutoka kwenye mgao bila unga. Hakuwa amechelewa, na jetoni yake alikuwa nayo mkononi. Mashine ilikataa kidole chake mara nne. Kijana aliyeshika tableti alimwambia: “Mama, mashine inasema huyu si wewe.” Mama akamjibu: “Basi mwanangu, iulize mimi ni nani.” Watu wa mstari walicheka, lakini yeye hakucheka. Kesho yake asubuhi alikuja kutuona, akiwa ameshika jetoni ile ile.

Ilituchukua wiki tatu kupata mtu wa kusikiliza shida yake. Katika wiki hizo alikula kwa wenyeji wake, ambao nao hawana shamba tena. Kwa sababu hiyo tumeona ni vizuri kueleza katika makala hii jinsi kazi hii ya vidole inavyofanyika, faida yake, hatari yake, na haki ambayo kila mmoja wetu anayo mbele ya mashine.

Mashine inafanya nini na kidole chako?

Kila mtu ana mistari kwenye ncha ya vidole, na mistari yako haifanani na ya mwingine. Unapoweka kidole kwenye kioo, mashine inapiga picha ya mistari hiyo, kisha inaigeuza kuwa namba. Namba hizo zinatunzwa pamoja na jina lako, umri, kijiji ulichotoka na idadi ya watu wa nyumba yako. Siku ya mgao mashine inapiga picha mpya na kuilinganisha na ile ya kwanza. Zikikaribiana vya kutosha, inakubali. Zisipokaribiana, inakataa.

Tafadhali tuelewe jambo hili: mashine haikujui. Inalinganisha tu. Mkulima aliyeshika jembe miaka thelathini, mchimba dhahabu, mfyatua matofali, mama anayefua nguo za watu kila siku, wote hawa mistari yao inalika. Ya wazee nayo inafifia, na ya watoto wadogo bado haijakaa vizuri. Kioo kikiwa na vumbi au kidole kikiwa kikavu mno, mashine inaweza kukosea. Kwa hiyo ikikataa, maana yake si kwamba wewe ni mwongo. Maana yake ni kwamba sasa anahitajika binadamu wa kuangalia.

Daftari la zamani na tableti ya leo

Wengi wetu tunakumbuka daftari. Mwandishi alikaa chini ya mwembe, akauliza majina, akaandika. Hatutaki kulisifu daftari kupita kiasi. Katika daftari kulikuwa na majina ya marehemu waliokula miaka mingi baada ya kuzikwa. Kulikuwa na shefu aliyeingiza wajomba zake, na kulikuwa na mwandishi aliyetaka kuku kwanza. Mashine imepunguza mambo hayo, na familia nyingi zisizo na mjomba mkubwa zimepata haki yao. Pia mtu aliyekimbia usiku bila karatasi yoyote bado anacho kidole chake. Katika nchi ambamo sensa ya mwisho ya watu wote ilifanywa mwaka 1984, na ambamo kadi ya uchaguzi imekuwa ndiyo kitambulisho cha wengi, hilo si jambo dogo.

Lakini daftari lilikuwa na mwenyewe. Ukikosewa, ulijua mlango wa kugonga. Leo vijana waliokuwa wakiandika na kuita majina wamepungua, na waliobaki na tableti wengi wao hawana ruhusa ya kubadilisha kitu. Wanasema, “Si mimi, ni mashine.” Tangu mwaka 2025, fedha za misaada zilipopunguzwa sana, hasa zile za Marekani, mashirika yana watu wachache zaidi wa kutuma kwenye kambi, na tunaogopa kwamba kazi zaidi itaachiwa mashine. Sisi tunasema wazi maoni yetu: kazi ya kuhesabu mnaweza kuipa mashine, lakini kazi ya kumwambia mtu “wewe huli leo” isiachiwe mashine peke yake. Lazima awepo mtu mwenye jina, anayeweza kujibu.

Kwa nini orodha ni jambo zito kwetu Ituri?

Katika nchi zenye amani, orodha ya majina ni karatasi tu. Kwetu sivyo. Wazee wa Bunia hawajasahau mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka na mji ukabaki mikononi mwa wanamgambo. Siku zile jina la mtu, au jina la kijiji cha baba yake, lilitosha kumpeleka kaburini. Na usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo huko Djugu, waliuawa watu zaidi ya 60 waliokuwa tayari wamekimbia vita mara moja.

Sasa fikirini orodha inayosema nani analala wapi, ametoka kijiji gani, ana watoto wangapi, na picha ya uso wake iko hapo. Ikiwa mikononi mwa mwenye nia njema, inaleta chakula. Ikiangukia mikono mingine, inaonyesha njia ya kwenda kwenye mlango. Daftari liliweza kuchomwa au kufichwa kwenye gunia la mahindi. Orodha ya kompyuta inakopiwa kwa dakika moja, na mwenyewe hajui.

Yaliyowapata wengine

Hatusemi haya ili kuwatia hofu. Yametokea, na inafaa tujifunze.

Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta waliingia katika hifadhi yake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao na vita, waliopotea, na waliofungwa. Tunaipa heshima Kamati hiyo kwa sababu ilitangaza yenyewe badala ya kuficha. Lakini kama shirika lenye uzoefu mkubwa hivyo liliingiliwa, hakuna shirika linaloweza kutuambia, “Kwetu haiwezekani.”

Mwezi wa Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za wakimbizi Warohingya zilizochukuliwa huko Bangladesh zilipelekwa na serikali ya Bangladesh kwa serikali ya Myanmar, yaani serikali ile ile waliyoikimbia. Majina yalikuwa yasiyopungua 830,000, pamoja na picha na alama za vidole. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, lilijibu kwamba liliomba idhini yao. Wakimbizi wengi waliohojiwa walisema hawakuelezwa. Hapo ndipo penye fundisho: idhini ambayo mtu hakuielewa si idhini.

Huko Kenya, upande wa kaskazini mashariki, raia Wakenya wenye njaa walijiandikisha katika kambi za wakimbizi ili wapate chakula. Walipokua na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vilikutwa kwenye orodha ya wakimbizi, wakaambiwa wao si Wakenya. Inakadiriwa waliofikwa na hayo ni watu 40,000 hivi. Kidole ulichokiweka leo kwa ajili ya kilo chache za unga kinaweza kukusubiri miaka ishirini.

Na huko Yemen, mwezi wa Juni 2019, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, lilisimamisha sehemu ya msaada wake katika maeneo ya Wahouthi, kwa kuwa chakula kilikuwa kinageuzwa njia na wakubwa walikataa mashine za vidole. Watu 850,000 katika mji wa Sanaa walikosa mgao kwa muda wa miezi miwili hivi. Wakubwa waligombana juu ya mashine, na aliyelala njaa ni mtoto.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi. Tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ilipata Sheria ya Mambo ya Dijitali, ambayo inalinda habari za mtu: anayezichukua anapaswa kueleza sababu, na mwenye habari ana haki ya kuziona na kuomba zisahihishwe. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 nao unazitaka serikali za Afrika kuwa na orodha ya wakimbizi wa ndani, na kuwasaidia kupata vitambulisho walivyopoteza. Kwa hiyo kuandikwa ni haki yetu. Kulindwa baada ya kuandikwa ni haki yetu vilevile.

Maswali matano ya kuuliza

Kabla ya kuweka kidole, uliza kwa heshima, bila ugomvi:

1. Ninyi ni nani, na habari zangu mnazichukua kwa kazi gani? Kama ni kwa chakula, ziwe za chakula.

2. Nani mwingine atazipata? Serikali? Shirika jingine? Kampuni ya simu? Jibu liwe katika lugha unayoisikia vizuri, iwe Kiswahili au lugha ya nyumbani.

3. Nikikataa kidole au picha, kuna njia nyingine? Njia inapaswa kuwepo, hasa kwa wazee, wagonjwa na walemavu.

4. Mashine ikinikataa, nimwone nani, wapi, na nitajibiwa baada ya siku ngapi? Kama hakuna jibu la swali hili, bado hawako tayari kuandika watu.

5. Nikirudi kijijini au mradi ukiisha, habari zangu zitafutwa lini?

Pia kuna mambo madogo yanayosaidia. Osha mikono na ukaushe kabla ya zamu yako. Kidole kikiwa kikavu sana, kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kidole kimoja kikikataliwa, omba kujaribu kingine. Omba pia mtu wa pili wa nyumba yako aandikwe, ili aweze kupokea kwa niaba yako. Na ukipewa msaada kwa simu, namba yako ya siri usimtajie mtu, hata ajenti anayekusaidia kutoa pesa, hata mtoto wa jirani anayejua kusoma. Anayekusaidia kwa moyo safi hana haja nayo.

Kwa viongozi wa kambi na mashefu wa mitaa

Wazee wetu, tuliona jambo moja ambalo lilitufundisha. Katika kambi moja majina mengi yalitoka kwenye orodha kwa siku moja. Waliotolewa walitazamana na kuona kwamba wengi wao wametoka upande mmoja. Maneno yakaanza: rais wa komite ameuza nafasi, watu wa kabila fulani wamependelewa. Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Tulipofuatilia, tulikuta kwamba tableti moja ilikuwa na kioo kibovu, na kwamba watu wa upande ule ndio walioandikwa na tableti hiyo. Ni kioo kibovu tu, lakini kilikaribia kumwaga damu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, mtake kila shirika lieleze mbele ya watu wote, kabla ya kuandika, jinsi majina yanavyochaguliwa na yanavyotolewa. Pili, komite ya malalamiko iwe na wanawake, wazee, na watu wa jamii zote zilizo kambini pamoja na wenyeji wanaowapokea. Tatu, ninyi wenyewe msipige picha za orodha na kuzituma kwa simu, hata kwa nia njema. Picha ikishatoka kwenye simu yako huwezi kuirudisha.

Na sisi wa mashirika tusijitoe. Mara nyingi tulifika na tableti, tukasema “weka hapa,” tukaandika kwamba mtu amekubali, wakati hatukumweleza kitu. Haraka ilikuwa yetu, na mzigo ukawa wa mama yule wa Mudzipela. Tumeanza kubadilika: tunasoma maelezo kwa sauti kabla ya kuandika, na kila mahali tunapoandika kuna meza moja isiyo na mashine, yenye mtu na karatasi, kwa ajili ya waliokataliwa.

Mama yule sasa anapokea. Jina lake lilisahihishwa, na binti yake ameandikwa kuwa mtu wa pili. Alipotuaga alituambia tuwaelezee wengine, ili asionekane mwongo mtu mwingine mbele ya jirani zake. Makala hii ni kutimiza agizo lake.

Maswali ya kuzungumza pamoja katika kikundi

1. Katika kambi au mtaa wetu, habari zetu zimechukuliwa na mashirika mangapi, na je, tulielezwa sababu?

2. Mtu akikataliwa na mashine leo, anajua aende wapi?

3. Tufanye nini ili kosa la mashine lisiwe chanzo cha ugomvi kati ya jamii zetu?