Paka wa Dhahabu na Tanzi la Msituni

Miongoni mwa paka mwitu wa Afrika, aliye mgumu kuonekana kuliko wote ni paka wa dhahabu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Caracal aurata. Huyu ndiye paka pekee wa bara hili ambaye maisha yake hutegemea msitu. Huishi katika misitu ya nchi za joto, toka Senegali hadi Kenya, na ngome yake kuu ni bonde la mto Kongo. Nchini Uganda yumo katika misitu ya Kibale na Bwindi.

Ukubwa wake ni kama mara mbili ya paka wa nyumbani, na uzito wake ni baina ya kilo 5 na 16. Jina lake lisimpotoshe mwanafunzi, kwani si kila mmoja ana rangi ya dhahabu. Wapo wenye manyoya mekundu, wapo wa kijivu, na wachache ni weusi. Wataalamu wa zamani walidhani wekundu na wa kijivu ni aina mbili. Lakini mmoja aliyefugwa katika bustani ya wanyama ya London aligeuka rangi, kutoka nyekundu kuwa kijivu. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa ndugu yake wa karibu ni simbamangu, ambaye, ajabu, hupenda nchi kavu zilizo wazi.

Kwa kuwa ni nadra kumwona, habari zake nyingi zimepatikana kwa kamera zifungwazo mitini, ambazo hujipiga zenyewe mnyama apitapo, na kwa kuchambua kinyesi chake. Katika msitu wa Ituri, huko Kongo, kinyesi hicho kilionyesha kuwa hula hasa panya na jamii ya panya, pamoja na swala wadogo wa msituni kama funo.

Hapo ndipo hatari yake ilipo. Njia zipitwazo na funo ndizo apitazo paka huyu, na ndizo wategaji watafuta kitoweo wanakotega matanzi ya waya. Tanzi halichagui shingo wala mguu. Basi paka hufa ingawa aghalabu hakuna aliyemkusudia. Na hata asiponaswa, mawindo yake yamekwisha kupunguzwa. Msitu waweza kusimama wote, miti yake mibichi, nao ukawa mtupu ndani. Ukataji miti huzidisha msiba huo. Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile umemtia katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Sheria peke yake haitoshi, maana mtegaji ana watoto wa kulisha. Kandokando ya Bwindi, shirika liitwalo Embaka hugawa nguruwe wa kufuga kwa jamaa zilizokuwa zikiwinda, ili nyama ipatikane zizini badala ya msituni.