Kuongoza Mazungumzo Baada ya Sinema

Sinema ya mambo ya kweli si kitu cha kupitishia jioni tu. Faida yake kubwa huanza taa zinapowashwa, watu wakaulizana juu ya waliyoyaona. Mazungumzo hayo yahitaji kiongozi, na kazi yake si kuhubiri, bali kuwawezesha wengine kusema.

Chukua mfano wa sinema iitwayo "Thank You for the Rain", iliyotolewa mwaka 2017 na Julia Dahr wa Norwe. Kwa muda wa miaka 5 Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo katika Kitui, alipiga picha za maisha ya jamaa yake: ukame, mafuriko, watoto kurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo, na tufani iliyoibomoa nyumba. Aliwahimiza wakulima wenziwe kupanda miti, na mwaka 2015 akafika hata Paris kwenye mkutano wa mataifa juu ya hali ya hewa.

Kwanza, kiongozi yampasa kuitazama sinema mapema na kuandika maswali machache. Watu waketi duara. Swali la kwanza liwe jepesi: "Mmeona nini?" Mmoja atataja tufani, mwingine miche. Wakiisha kupatana juu ya waliyoyaona, ndipo aulize, "Kwa nini yalitokea?" na kisha, "Hapa kwetu je?" Maswali ya kujibiwa "ndiyo" au "siyo" hayafai, maana hukata maneno.

Pili, wote wapate nafasi. Wazee wakitangulia kusema, aghalabu wanawake na vijana hunyamaza. Lakini Kisilu alipokuwa safarini, mkewe ndiye aliyebaki na shamba na watoto. Akina mama wasipoulizwa, nusu ya habari itapotea. Yafaa kuwagawa watu katika vikundi vidogo kwa dakika 10, kisha kila kikundi kitoe msemaji wake.

Tatu, mwenye kupinga asinyamazishwe. Akisema, "Huyu alijisumbua bure," aulizwe ni jambo gani katika sinema lililomwonyesha hivyo. Wengine nao wamjibu kwa waliyoyaona, wala si kwa kelele.

Mwisho, watu wasitawanyike kabla ya kukata shauri moja, hata likiwa dogo: nani atatafuta mbegu, nani atatengeneza kitalu, na siku gani. Shauri lisilo na mtu wala siku husahauliwa njiani.