Kura, Ridhaa na Uhai wa Mgonjwa

Katika udongo wa misitu, chini ya majani yanayooza, huishi kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho matupu, ambaye wataalamu humwita Dictyostelium discoideum, na ambaye tangu Kenneth Raper alipomweleza mwaka 1935, baada ya kumpata katika msitu wa North Carolina huko Marekani, hajaacha kuwashughulisha mabingwa wa elimu ya viumbe. Maadamu chakula chake, yaani bakteria, kipo, kila amiba huishi peke yake, hula peke yake na hujigawa peke yake; lakini riziki ikikatika, baadhi yao huanza kutoa kemikali iitwayo AMP ya mviringo, na wenzao wa jirani wakishaihisi huielekea itokako, nao papo hapo huitoa vilevile, hata habari ya njaa ikaenea wimbi baada ya wimbi, kila baada ya dakika sita hivi. Ili wimbi lililopita lisififishe lijalo, seli hutoa pia kimeng'enya kinachoivunja kemikali ile. Kwa utaratibu huo amiba wapatao laki moja hukusanyika, hushikamana, hutambaa pamoja, kisha huinuka kuwa bua jembamba lenye kifuko cha spora kileleni.

Hapo ndipo penye ibra. Takriban moja ya tano ya seli hizo hufa kwa kugeuka bua, ili zilizosalia zinyanyuliwe juu ya udongo na kungojea neema nyingine. Ipi itakuwa bua na ipi itakuwa spora huamuliwa, kwa sehemu, na hali ambamo njaa iliikuta kila seli: kushiba kwake au udhaifu wake, na umbali wake na saa ya kujigawa. Haikuulizwa hata moja, wala hapana wa kulaumiwa, kwa kuwa kisicho na akili hakina dhima.

Watu wengi, wakisikia kwamba katika majaribio ya tiba wagonjwa hugawanywa kwa kura, huingiwa na dhana kuwa wanatendewa vivyo hivyo, yaani baadhi yao hutolewa kafara ili wengine wapone. Dhana hiyo haifai kudharauliwa, kwani historia imeipa ushahidi: huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, tangu 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba na kufichwa ukweli, hata baada ya penisilini kuthibitishwa kuwa dawa ya maradhi yao. Hata hivyo, Tuskegee hapakupigwa kura yoyote. Waliowanyima watu wale dawa walijua wazi kwamba wanawanyima.

Kura iliyo halali husimama juu ya shaka ya kweli. Tabibu akiachiwa achague mwenyewe, aghalabu atampa dawa mpya yule anayemtumainia kupona, na mwisho wa yote hapatajulikana kama kilichoponya ni dawa au ni nguvu za mgonjwa. Kura huwagawa wenye nguvu na dhaifu bila upendeleo, pamoja na tofauti nyingine tusizozijua. Lakini haijuzu kuipiga ila pale ambapo jamii ya matabibu, na si daktari mmoja, haina yakini ni upande upi wenye heri. Na hoja hii ndiyo aliyoitetea mtaalamu wa maadili ya tiba, Benjamin Freedman, mwaka 1987.

Mfano ulio karibu nasi ni jaribio la FEAST, lililofanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo za Kilifi na Muheza, likiongozwa na Kathryn Maitland. Katika hospitali za nchi tajiri ilikuwa ada iliyokubalika kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Wala haikuwapo hoja madhubuti ya kuonyesha kuwa ada hiyo ingewafaa watoto wa kwetu, ambao wengi wao huugua malaria. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza walipewa maji yenye albumini, yaani protini ya damu, kwa haraka, wa pili maji ya chumvi kwa haraka, na wa tatu hawakuongezewa maji ya haraka, ingawa wote walipata dawa na uangalizi uleule. Waliokuwa na ugonjwa wa kuhara au utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa hiyo matokeo hayawahusu.

Mzazi gani asingenung'unika mwanawe alipoangukia kundi la tatu? Lakini katika saa 48 za kwanza walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 tu ya wale walioonekana kunyimwa. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilipoyaona hayo, ilishauri uandikishaji usimamishwe, nao ukakoma Januari 2011 kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia. Bila ya kura, ada ile ingeendelea kwa nia njema, na vifo vyake vingehesabiwa kuwa ni ukali wa maradhi.

Liko, hata hivyo, swali la ridhaa, ambalo Azimio la Helsinki la 1964 liliweka miongoni mwa misingi ya utafiti. Mama aliyembeba mtoto mahututi hawezi kusomewa kurasa za maelezo huku pumzi za mwanawe zikikatika. Kwa hiyo katika FEAST wazazi wa watoto waliokuwa hatarini zaidi waliombwa kwanza kauli fupi ya kukubali, na idhini kamili ikafuata hali ilipotulia. Ni rukhsa ya dharura, na rukhsa huwa na mipaka: haifai kuwa mlango wa kukwepa maelezo pale ambapo wasaa upo.

Basi, msomaji, siku utakapoombwa wewe au jamaa yako kuingia katika jaribio, usikatae kwa hofu wala usikubali kwa haya. Uliza ni shaka gani inayotafutiwa jawabu, kila kundi litapata nini, nani anayekagua matokeo na mwenye uwezo wa kulisimamisha, na kama unaweza kujitoa bila kupoteza haki yako ya kutibiwa. Mtafiti asiyeweza kukujibu hayo kwa lugha unayoielewa hastahili ridhaa yako.