Kutoka Chuma hadi Hemu: Istilahi za Kueleza "Upungufu wa Damu" Katika Makazi ya Nakivale

Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwaka 1958. Kiutawala yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Miongoni mwa Wakongo, Warundi na jamii nyingine zinazoishi humo, Kiswahili ni daraja la mawasiliano. Mgonjwa anayezidiwa hupewa rufaa kwenda Mbarara, ambako kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Katika safari hiyo, maelezo ya ugonjwa hupita kati ya Kiswahili, Kinyankole na Kiingereza.

Makala haya yanachunguza istilahi moja inayosafiri pamoja na mgonjwa: "upungufu wa damu". Hoja yake ni kwamba istilahi hii hutaja matokeo na kuficha mchakato. Kwa kuwa tiba hutegemea hatua ya mchakato iliyoharibika, kuficha huko kunaweza kudhuru.

Namna seli inavyounda viambata vya chuma

Protini nyingi haziwezi kufanya kazi peke yake. Huhitaji kitu kidogo kisicho protini kilichoambatana nazo, ambacho wanabiokemia hukiita kofakta. Makala haya yanapendekeza neno "kiambata", kutokana na kitenzi ambata, kwa sababu linaonyesha uhusiano wenyewe. Viambata viwili vyenye chuma vina umuhimu wa pekee: hemu na kishada cha chuma na salfa.

Hemu ni pete ya porfirini yenye atomi moja ya chuma katikati. Huundwa kwa hatua nane, kila moja ikiwa na kimeng'enya chake. Hatua ya kwanza hufanyika ndani ya mitokondria na huhitaji vitamini B6. Hatua za kati hufanyika nje ya mitokondria, kisha kazi hurejea ndani, ambako kimeng'enya ferokelatasi hupachika chuma katika pete iliyokwisha kukamilika. Molekuli moja ya himoglobini hubeba hemu nne, na kila hemu hushika molekuli moja ya oksijeni.

Kishada cha chuma na salfa huundwa kwa njia nyingine. Atomi za chuma na salfa hukusanywa juu ya protini maalumu inayotumika kama kiunzi. Kimeng'enya kimoja hutoa salfa kutoka katika asidi amino iitwayo sisteini. Kishada kikishakamilika, protini saidizi hukihamisha hadi kwa protini inayokihitaji. Seli hailiachi jambo hili lijiendee, kwa kuwa chuma kilicho huru huchochea kemikali zinazoharibu utando na vinasaba. Njia hizi mbili zinakutana: ferokelatasi ya binadamu yenyewe ina kishada cha chuma na salfa.

Kwa hiyo, kati ya chuma kilicho katika chakula na damu nyekundu kuna hatua za kufyonza, kusafirisha, kuunda na kupachika.

Jina moja, hitilafu nyingi

Mtoto wa Rubondo anayeambiwa kuwa ana upungufu wa damu anaweza kuwa na hitilafu katika hatua yoyote kati ya hizo. Huenda chuma hakitoshi katika chakula. Mahindi na maharage yana chuma, lakini pia yana fitati zinazozuia kufyonzwa kwake, na chai inayonywewa pamoja na mlo huongeza kizuizi hicho. Samaki na nyama hutoa chuma kilichokwisha kuwa katika hemu, ambacho hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Huenda pia chuma kipo lakini kimefungiwa. Wakati wa malaria, kimelea huvunja chembe nyekundu za damu, na papo hapo ini huongeza hepsidini, homoni inayozuia chuma kutoka utumbo na ghala za mwili kuingia katika damu. Uboho hubaki na njaa ilhali ghala lina akiba. Hali ya tatu ni selimundu: hemu huundwa ipasavyo, bali kasoro imo katika globini, sehemu ya protini ya himoglobini.

Hali zote tatu huitwa upungufu wa damu, na vidonge vya chuma huitwa "vidonge vya kuongeza damu". Msikilizaji anayeyaunganisha majina hayo hufikia hitimisho lenye mantiki: damu imepungua, basi iongezwe. Lugha yenyewe imemwelekeza huko.

Funzo la Pemba

Uzito wa suala hili ulidhihirika Pemba, Zanzibar, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuchaguliwa kwa kigezo cha upungufu wa chuma. Utoaji wa chuma ulisitishwa mwaka 2003, baada ya kubainika kwamba hatari ya kulazwa au kufariki iliongezeka kwa asilimia 12 ikilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Hata hivyo, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, watoto wenye upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba, katika maeneo ya malaria, utoaji wa chuma uende sambamba na kinga, vipimo na tiba ya malaria.

Hitimisho na mapendekezo

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hadhi hiyo ina maana pale tu mzazi anapoweza kuelewa kwa lugha hiyo kwa nini mtoto mmoja hupewa vidonge na mwingine hutibiwa malaria kwanza. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, "upungufu wa damu" ubaki kuwa jina la dalili, na visababishi vitajwe waziwazi: upungufu wa chuma, kufungika kwa chuma, na kasoro ya globini. Pili, "vidonge vya kuongeza damu" viitwe vidonge vya chuma. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya afya, isanifishe istilahi za kiambata, kishada na kiunzi, kisha zijaribiwe kwa watumiaji wenyewe, wakiwemo wakalimani wa vituo vya afya vya Nakivale, kabla ya kuchapishwa.