Petroli au Dizeli? Hesabu ya Mwenye Pikapu



Kazi yangu ni ufundi wa magari. Kila likizo huja kwangu vijana, na wazee pia, wakiuliza: "Fundi, tunataka pikapu ya kazi nzito. Tununue ya petroli au ya dizeli?" Mara nyingi mwulizaji amekwisha chagua moyoni mwake, anataka tu nimwunge mkono. Lakini jambo hili si la mapenzi. Pikapu hununuliwa kwa fedha za shamba, au kwa mkopo ambao shamba ni rehani yake. Mtu akichagua vibaya, gari litamla yeye badala ya yeye kulila gari. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaelezeni jambo hili kwa utaratibu, mpate kuwasaidia wazazi wenu nyumbani.

Kwanza tuelewane majina. Sokoni kwetu watu husema lisansi na mazutu, maneno yaliyotokana na Kifaransa. Lisansi ndiyo petroli, mazutu ndiyo dizeli. Wamarekani nao huita petroli "gesi", kwa kufupisha jina lake refu la gasolini. Basi msomapo maandiko yao juu ya magari ya gesi, msidhani wanasema juu ya gesi ya ziwa letu. Hiyo ni habari nyingine, nami nitaigusa mbele.

Injini hizi zinavyofanya kazi

Injini ya petroli ya namna ya leo ilianzia kwa Mjerumani Nikolaus Otto, aliyefanikiwa mwaka 1876 kuunda injini ya mapigo manne: kuvuta, kubana, kulipua, na kutoa moshi. Hewa na petroli huchanganywa, mchanganyiko hubanwa mpaka uwe kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nafasi yake ya kwanza, kisha plagi hutoa cheche na moto huwaka.

Rudolf Diesel, naye Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifuata njia nyingine. Injini yake iliyofanya kazi vizuri ilionyeshwa mwaka 1897. Ndani yake hewa hubanwa peke yake, mara 16 mpaka 22 hivi. Mwanafunzi aliyepata kupampu baiskeli anajua kuwa hewa ikibanwa hupata joto. Hapa joto huwa kali hata mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka yenyewe, bila plagi ya cheche.

Katika tofauti hii moja hutoka nyingine zote. Kwa kuwa injini ya dizeli hubana sana, hupata kazi nyingi zaidi katika tone moja la mafuta. Tena lita ya dizeli yenyewe ina nguvu ya moto kupita lita ya petroli kwa sehemu 10 hivi katika 100, au zaidi kidogo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kubana sana, injini ya dizeli sharti iundwe kwa chuma kizito na vipuri imara, na hiyo ndiyo sababu bei yake ni kubwa.

Mlima na hewa nyepesi

Rubona si Mombasa. Uso wa Ziwa Kivu upo meta 1,460 hivi juu ya bahari, na ukishika njia ya Kigali unapanda kupita Mahoko mpaka Mukamira, juu ya meta 2,000. Kule hewa ni nyepesi. Hapa ziwani tu kani ya hewa ni kama sehemu 85 katika 100 za ile ya pwani. Injini hula hewa kama inavyokunywa mafuta. Ikikosa hewa, hukosa nguvu. Injini isiyo na kisaidizi cha hewa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 inazopanda.

Kisaidizi hicho ni tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikisukuma hewa ndani kwa nguvu. Karibu pikapu zote mpya za dizeli zina tabo. Ndiyo maana watu husema dizeli ni hodari wa milima. Lakini angalieni vizuri: tabo ndiyo inayoshinda hewa nyepesi, si jina la mafuta. Ile Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, ya silinda 6 na lita 4.2, ni dizeli lakini haina tabo. Mlimani nayo hupungukiwa, na dereva akizidisha kukanyaga mafuta hutoa moshi mweusi. Moshi huo si nguvu, ni fedha inayopotea hewani. Sifa ya injini ile ni nyingine: ni ya umbo rahisi, haina mambo mengi ya umeme, na fundi wa kijijini aweza kuitengeneza.

Ipo pia nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa nyutoni-meta. Hilux ya petroli ya lita 2.7 hutoa 245 hivi, nayo huzipata injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Hilux ya dizeli ya lita 2.4 yenye tabo na giya za kujiendesha hutoa 400, tena ikizunguka polepole. Kwa hiyo zote mbili zaweza kupandisha mzigo wa karibu tani moja. Tofauti ni kwamba ya petroli itapanda kwa giya ndogo, ikilia na kunywa mafuta mengi, hali ya dizeli itapanda kimya kimya.

Mkisoma mpaka hapa mtasema, "Basi fundi amekwisha amua, ni dizeli." Ngojeni kwanza tufanye hesabu.

Hesabu yenyewe

Nitatumia tarakimu za mfano, ili hesabu iwe nyepesi. Kila mmoja aweke bei za siku yake. Bei za mafuta hapa Rwanda hutangazwa na mamlaka ya RURA, hivyo ni rahisi kuzijua.

Tuseme pikapu ya dizeli inazidi ya petroli kwa faranga 4,000,000. Tuseme ya petroli ikiwa na mzigo hunywa lita 15 kwa kilometa 100, na ya dizeli lita 11. Tuseme lita ya kila moja ni faranga 1,800.

Katika kilometa 100 dizeli huokoa lita 4, yaani faranga 7,200. Hizo ni faranga 72 kwa kilometa moja. Lakini matengenezo ya dizeli ni ghali zaidi: oili nyingi, filta nyingi, na nozeli zenye bei. Tutoe faranga 12 kwa kilometa. Zinabaki 60. Sasa gawanyeni 4,000,000 kwa 60. Jibu ni kilometa 66,667 hivi. Kabla ya kufika hapo, mwenye dizeli bado analipa deni la ile bei ya juu. Baada ya hapo ndipo anaanza kula faida.

Basi swali lililo mbele ya yote ni hili: gari lako litakwenda kilometa ngapi kwa mwezi? Kutoka Rubavu mpaka Kigali ni kilometa 155 hivi, kwenda na kurudi 310. Anayekwenda mara mbili kila juma hutimiza karibu kilometa 2,500 kwa mwezi, na atafika kilometa 66,667 kwa miezi 27. Anayezunguka kati ya mashamba, gati la Nyamyumba na soko la Gisenyi, kilometa 500 kwa mwezi, atahitaji miezi 133. Hiyo ni miaka 11 na zaidi!

Ushirika wa vitunguu

Hesabu hii niliifanya pamoja na ushirika mmoja wa wakulima wa vitunguu na karoti wa huku kwetu. Walikuwa wakikusudia kukopa fedha za kulipwa kwa miaka mitatu, na baadhi yao waliweka mashamba yao rehani. Akina mama wauzao sokoni walitaka gari la bei ndogo, ili deni lisiwe zito. Wazee na vijana walitaka dizeli kwa ajili ya Kigali. Maneno yakawa makali, hata wengine wakataka kujitoa.

Niliwaomba jambo moja: kwa miezi miwili waandike katika daftari kila safari ya gari walilokuwa wakikodi, mahali lilikokwenda, kilometa, na kilo za mzigo. Mjumbe mmoja, mama aliyesoma mpaka darasa la sita tu, ndiye aliyelishika daftari, wala hakuruka hata siku moja.

Daftari lilionyesha kuwa kila mwezi walikwenda Kigali mara mbili, na safari nyingine zote zilikuwa fupi. Jumla ilikaribia kilometa 1,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo dizeli ingejilipia baada ya miaka mitano na nusu, na deni lilikuwa la miaka mitatu. Tena mzigo wao haukuzidi kilo 800. Wakanunua ya petroli, na msimu wa mavuno mengi wakakubaliana kukodi Fuso kwa mzigo wa Kigali. Mzee mmoja alinung'unika kuwa gari la petroli ni gari la mjini. Yule mama akamfunulia daftari, akamwambia, "Baba, soma mwenyewe." Mzee alisoma, kisha akatia sahihi.

Siwapi habari hii ili mdhani petroli ndiyo bora siku zote. Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hubeba mbao na saruji kati ya Musanze na Kigali karibu kila siku. Nilipompigia hesabu yake, dizeli ilijilipia kabla ya miaka miwili. Hesabu ni ile ile, kazi ndizo mbili.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

Kwanza, dizeli za siku hizi zina chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Gari la safari fupi fupi halipati joto hilo, na chujio huziba. Hii ni sababu nyingine ya mtu wa safari fupi kufikiri mara mbili.

Pili, pampu ya dizeli ya kisasa husukuma mafuta kwa kani ipitayo ile ya hewa mara 1,500, hata 2,000. Chembe ya mchanga au tone la maji yaweza kuiharibu. Usinunue mafuta ya madumu yasiyojulikana yalikotoka, na umwage maji ya filta kwa wakati wake.

Tatu, ukitia petroli katika gari la dizeli kwa bahati mbaya, usiwashe injini hata mara moja. Lisukumwe kando, tangi likaushwe kwanza. Gharama ya kukausha tangi ni ndogo, gharama ya pampu ni msiba.

Nne, petroli hutoa mvuke unaoshika moto upesi hata kwenye baridi. Wabebao petroli ndani ya nyumba zao, au wavutao sigara karibu na tangi, wanacheza na roho zao.

Tano, gari kuukuu la dizeli usilinunue kabla ya kuliwasha asubuhi likiwa baridi. Likisumbua kuwaka, au likitoa moshi mwingi usiokwisha, ita fundi asiye rafiki wa muuzaji.

Na gesi ya ziwa letu?

Wanafunzi wa Rubona hawataniacha nimalize bila swali hili. Ziwa Kivu lina methani nyingi chini yake, yakadiriwa kilometa za ujazo 60 hivi. Hapa hapa Cap Rubona, mtambo wa kuitoa ulianza mwaka 1963, na gesi yake ikatumika kuchemshia katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt kule Karongi huigeuza kuwa umeme. Methani iliyoshindiliwa katika mitungi yaweza kuendesha gari pia. Dar es Salaam yapo magari yanayotumia gesi asilia ya Tanzania. Injini ya petroli ndiyo hubadilishwa kwa urahisi, maana ina plagi za kuiwasha gesi. Lakini mtungi ni mzito na hula nafasi ya mzigo, na gari bila kituo cha kujazia ni sanduku. Kwanza kione kituo katika njia yako, ndipo ulifikirie gari.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Gari nalo ni hivyo: bei ya dukani hulipwa mara moja, mafuta na vipuri hulipwa kila juma. Basi wanafunzi, likizo ijayo mkikuta nyumbani kuna mazungumzo ya kununua pikapu, msianze kwa kusifu gari. Tafuteni daftari, mwandike safari za miezi miwili, kisha mfanye mgawanyo ule niliouonyesha. Mtakuwa mmelipa sehemu ya karo yenu.