Singida, Shusha Tuta

Mvua inayonyesha Singida kwa mwaka haipishani sana na ile ya London. Huko ni kama milimita 600. Singida ni kati ya 500 na 800, kutegemea wilaya na mwaka wenyewe. Anayeiita Singida jangwa anakosea, ingawa ukipita huko Septemba hutamlaumu. Mvua ya London husambaa mwaka mzima chini ya mawingu. Ya Singida huja karibu yote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, kisha ni kiangazi kirefu cha jua kali na ule upepo ambao wawekezaji wa umeme wameupigia hesabu miaka nenda rudi. Kwa mwenye bustani, upepo huo ni mwizi sawa na jua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza maji zaidi yatatoka wapi, mtu mwenye fedha kidogo aulize kwanza haya machache aliyonayo yanapotelea wapi.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika nyanda kavu kama hizi, siku moja ya kiangazi inaweza kunyonya milimita 5 hadi 7 kutoka kwenye udongo wenye unyevu na majani yake. Tuta la mita moja kwa mbili, basi, linadai lita 10 hadi 14 kila siku, yaani nusu dumu au zaidi. Kwa nyumba inayonunua maji, au inayoyabeba kichwani kutoka kisimani, matuta matatu tayari ni mzigo. Sasa litazame tuta lenyewe: limeinuliwa kama mgongo wa ng'ombe, upepo unalipiga pande zote, na maji unayomwaga yanateremkia kwenye mfereji ambako hakuna kilichopandwa. Tuta hilo lina maana yake Lushoto au Rungwe, ambako shida ni maji kuzidi. Singida mwezi Agosti, kuinua tuta ni kuanika udongo kama unavyoanika nguo.

Kinachofaa ni bustani iliyozama. Chimba kina cha jembe, udongo wa juu uweke pembeni, uchanganye na samadi iliyooza (mkoa wenye mazizi mengi hauna sababu ya kulia mbolea), kisha uurudishe na kuacha uso wa bustani ukiwa chini ya ardhi inayouzunguka kwa upana wa kiganja. Udongo uliobaki utengenezee ukingo upande unakotoka upepo, au panga mawe. Mawe hayanunuliwi Singida. Juu ya bustani tandaza mabua ya mtama au alizeti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne. Saa nane mchana, ukiingiza kidole chini ya matandazo hayo utakuta udongo mweusi, wa baridi, unaoshikamana. Hatua moja pembeni udongo ulio wazi unapukutika kama jivu. Ukiwa na chungu cha kufinyanga, hata kilichomeguka mdomo, kifukie katikati hadi shingoni, kijaze maji na ukifunike. Maji yatapenya kuta zake taratibu, haraka zaidi udongo ukikauka, na mizizi itayafuata. Wachina waliiandika mbinu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Wapo watakaosema dawa ni mipira ya matone. Kwa shamba la vitunguu la kuuza, huenda. Kwa bustani ya kulisha familia, mipira inataka tenki lililoinuliwa na chujio, na maji ya visima vyenye chumvi au chokaa huziba vitundu vyake. Maji ya namna hiyo yana hila nyingine: ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, yanakauka juu na kuacha gamba jeupe la chumvi. Afadhali kumwagia mara chache lakini kwa wingi, yazame. Maji ya kuoshea vyombo nayo yanafaa, mradi hayana dawa ya kufulia, na yamwagwe kwenye udongo, siyo juu ya majani yatakayoliwa. Kuhusu mchwa, hofu ni ya kweli: matandazo huwaita. Ila mchwa hupenda kilichokufa kuliko kilicho hai, kwa hiyo acha nafasi kuzunguka kila shina. Adui mkubwa zaidi ni kuku wa kienyeji, fahari ya Singida, anayeweza kuparua kazi ya wiki asubuhi moja. Zungushia miiba.

Kisha kuna cha kupanda. Kabichi hukaa miezi kama mitatu ikinywa maji ili itoe kichwa kimoja. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mchicha na mgagani ni mboga zenye namna ya kutengeneza chakula inayozifanya zistahimili joto na kutumia maji kwa ubahili, na mbegu zake unaweza kujitunzia mwenyewe. Mtu atauliza: si akina mama wa Singida walishalimaliza jambo hili zamani, kwa kukausha mlenda na kuutwanga? Ni akiba ya busara, na hakuna sababu ya kuiacha. Lakini jua linalokausha majani huondoa sehemu kubwa ya vitamini C na kupunguza A, na ndiyo miezi hiyo ya kiangazi mboga mbichi sokoni zinapopanda bei.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la Desemba. Mvua ya Singida huja kwa kishindo, na bustani iliyozama hugeuka bwawa. Mizizi ya mchicha huoza. Hapo hakuna ujanja: bustani ya kuzama ni ya kiangazi tu. Mawingu ya Novemba yakianza kutanda, ng'oa chungu, chimbia ndani matandazo yaliyooza, na uinue tuta kama la Lushoto. Aprili ikiisha, lishushe tena.