Upasuaji Usio na Kisu

Wanafunzi wa chama chetu, najua wengi wenu mmekuwa mkinung'unika chinichini kwamba mwalimu wenu wa Kiswahili ana maringo. Eti mnamwamkia "Shikamoo, Mwalimu!" naye anapita zake kama gari la mkubwa. Tena tetesi zimezidi. Juzi nilimsikia mmoja wa Kidato cha Kwanza akimwambia mwenzake kwamba mimi nilipasuliwa kichwa huko India nikatolewa nusu ya ubongo. La hasha! Ubongo wangu uko wote, na kisu hakikunigusa. Mhariri amenipa ukurasa huu nieleze yaliyonipata, nami namshukuru.

Mambo yalianza mwaka wa 2017. Sikio la kushoto lilianza kulia "nziii" mchana kutwa na usiku kucha, kama nyenje. Nikadhani ni nta tu. Kisha nikaona nikiiweka simu kwenye sikio hilo, namsikia mtu kana kwamba anaongea akiwa ndani ya mtungi. Nikitembea gizani napepesuka, hata jirani mmoja akauliza nimeanza kunywa lini, mimi ambaye pombe sijaionja!

Lakini lililoniuma zaidi lilitokea darasani. Binadamu hutambua sauti inakotoka kwa kulinganisha masikio mawili, kwa kuwa sauti hufikia sikio moja mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kuliko la pili. Ukibaki na moja, kelele zote huonekana kutoka upande huo huo. Siku hiyo kulipigwa mluzi nikiandika ubaoni. Nikageuka, nikamtoa nje mvulana aliyeketi kulia karibu na dirisha. Akaapa si yeye, nami nikamwona mwongo. Alifyeka nyasi wiki nzima. Baadaye mwenye mluzi alijitaja mwenyewe, na kumbe alikuwa ameketi kushoto kabisa, kando ya mlango. Jioni hiyo nilikata shauri kwenda hospitali.

Picha ya MRI ilionyesha uvimbe wa milimita 17, umemea kwenye neva ya nane, ile inayopeleka sauti na habari za mizani ya mwili kutoka sikioni hadi ubongoni. Uvimbe wa namna hii si saratani. Hausambai mwilini, nao hukua polepole sana. Mwingine hukaa miaka bila kusogea. Ubaya wake ni mahali ulipo. Ubavuni mwake hupita neva ya saba inayoendesha uso, na ukikua sana huanza kulikandamiza shina la ubongo.

Daktari alinieleza njia tatu: kungoja huku nikipigwa picha mara kwa mara, kufunguliwa fuvu, au upasuaji wa mionzi. Nilingoja mwaka mmoja, uvimbe ukaongezeka. Kufunguliwa fuvu nilikuogopa, kwa sababu neva ya saba ikijeruhiwa uso hupooza upande mmoja, na mimi riziki yangu ni kusema mbele ya watu. Basi mwaka wa 2019, baada ya walimu wenzangu na jamaa kunifanyia harambee, nikapanda ndege na kaka yangu mdogo hadi Delhi.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaopenda fizikia. Mwaka wa 1951 daktari mmoja wa Uswidi, Lars Leksell, alitoa wazo la kutibu ndani ya kichwa kwa miale bila kukifungua. Yeye na mwanafizikia Börje Larsson ndio waliounda mashine iitwayo Gamma Knife, nayo ikaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Hilo neno "Knife" maana yake ni kisu, lakini kisu chenyewe hukioni. Mashine niliyoingia mimi ina vyanzo 192 vya kobalti-60 vilivyopangwa kuuzunguka mpira wa kichwa. Kila kimoja hutoa mwale mwembamba. Mwale mmoja peke yake hupita ubongoni bila kuleta dhara kubwa. Lakini yote 192 hukutana mahali pamoja tu, na hapo nguvu zake hujumlika. Ni kama ile harambee yangu: kila mtu alitoa kidogo asichokisikia mfukoni, lakini kwenye bahasha kulikuwa na nauli ya India!

Ikiwa miale inakutana mahali padogo namna hiyo, kichwa hakiruhusiwi kuyumba hata milimita moja. Ndiyo maana asubuhi ile nilifungwa fremu ya chuma kwa skrubu nne, mbili kwenye paji la uso na mbili kisogoni. Nilidungwa ganzi kwanza, na kwa kweli sindano zile ndizo zilizoniliza. Skrubu zenyewe nilizihisi kama mtu anayenibana kichwa kwa magoti. Kisha nikaletewa chai, kila nikiinua kikombe kinagonga chuma, "ngʼa!" Kaka yangu akacheka mpaka muuguzi akaniletea mrija.

Nikapigwa MRI nikiwa na fremu hiyo, halafu nikangoja saa kadhaa huku daktari na mwanafizikia wakipiga hesabu kwenye kompyuta. Ndani ya mashine yenyewe nilikaa kama saa moja. Muda huo hutegemea umbo la uvimbe na umri wa kobalti, maana nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kitu. Sikuhisi joto wala maumivu. Nililala macho wazi nikikariri ngeli za nomino. Jioni fremu ikatolewa, matone machache ya damu, kichwa kikaniuma usiku, na kesho yake nikatembea sokoni.

Mionzi haiuondoi uvimbe. Huharibu DNA ya seli zake zisiweze kugawanyika tena, na kazi hiyo huchukua miezi na miaka. Miezi sita baadaye picha ilionyesha uvimbe umefura kidogo. Ingawa nilikuwa nimeonywa kwamba hilo hutokea, wiki ile sikulala. Mwaka uliofuata ukawa umetulia. Mwaka wa 2022 ulikuwa umesinyaa hadi milimita 14.

Siku hizi Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine ya jamii hii, CyberKnife, ambayo mkono wake wa roboti huelekeza miale, na mgonjwa huvaa kinyago badala ya skrubu. Chai yake huinywa kwa raha.

Usikivu wa kushoto haukurudi. Ulizidi kufifia hata baada ya tiba, na nyenje wangu bado analia. Kwa hiyo anayetaka kuniamkia apitie kulia. Wanaopenda kunong'ona wakiwa kushoto, nimeshabadilisha mahali pa meza yangu. Na yule mvulana wa dirishani, aliyemaliza Kidato cha Nne zamani: nimekuandikia barua ya kuomba radhi mara mbili, ikarudi kwa sababu mlihama. Dada yako yuko Kidato cha Pili sasa. Nimempa nakala ya jarida hili akupelekee.